Kulipia Mara ya Pili



Kila biashara ina adabu zake, na katika adabu hizo ya kwanza ni kwamba mtu akitoa fedha yake apate kujua amepata nini. Na kwa kuwa michezo ya video, au gemu kama vijana wanavyoiita, ambayo zamani ilihesabiwa kuwa upuuzi wa watoto, leo imekuwa tijara kubwa inayovuka bahari zote, nimeonelea si vibaya jioni hii tuitazame kwa jicho lile lile tunalolitazamia bei ya sukari na nauli ya daladala.

Mwezi wa Aprili 2025 kampuni ya Nintendo ya Japani ilitangaza bei ya mashine yake mpya, Switch 2, iliyoingia madukani tarehe 5 Juni mwaka ule kwa dola 450 nchini Marekani, na pamoja nayo mchezo wa mashindano ya magari uitwao Mario Kart World, ambao peke yake ulikuwa dola 80. Wachezaji walipiga kelele, na kelele zao zilikuwa na sababu, maana tangu 2005 hadi 2020 mchezo mkubwa Marekani ulikuwa ukiuzwa aghalabu dola 60, kisha ilipotoka PlayStation 5, mashine ya kampuni ya Sony, bei ikaanza kupanda hadi 70, na kabla watu hawajaizoea sabini, themanini ikabisha hodi. Microsoft nao, mwezi wa Mei 2025, walisema kwamba baadhi ya michezo yao itafuata bei hiyo. Lakini ilipofika Julai walirudi nyuma, na mchezo wao wa The Outer Worlds 2, uliokuwa umekwisha kutangazwa kwa themanini, ukateremshwa hadi sabini kabla haujatoka.

Insafu inatulazimu tusikilize na upande wa muuzaji. Katika kesi iliyosikilizwa San Francisco mwezi wa Juni 2023, serikali ya Marekani ilipokuwa ikiizuia Microsoft isiinunue kampuni ya michezo ya Activision Blizzard, hati za Sony ziliwekwa mbele ya mahakama zikiwa tarakimu zake za siri zimefutwa kwa kalamu ya wino mweusi; ila wino ule haukukolea, na karatasi zilipopigwa picha, yaliyofichwa yakasomeka: mchezo wa The Last of Us Part II uliwagharimu kiasi cha dola milioni 220 na ukawashughulisha watu karibu mia mbili. Mtu aliyetoa gharama kama hiyo hawezi kulaumiwa akitaka faida. Tena dola yenyewe imepungua nguvu, kwani zile 60 za mwaka 2005 leo zinapita 90 kwa uwezo wa kununua. Kwa hiyo kupanda kwa bei ya kitu kipya, ijapokuwa kunaumiza, kuna udhuru wake, na asiyeridhika ana hiari ya kukiacha.

Shauri lililo gumu zaidi ni la mchezo uliokwisha kununuliwa. Inapotoka mashine mpya, kampuni huchukua mchezo wa zamani, huung'arisha picha, huuongezea wepesi, kisha humwendea mtu yule yule aliyeulipia mwanzo na kumwambia alipe tena. Mchezo wa Zelda uitwao Breath of the Wild ulitoka Machi 2017. Mwenye nao, akitaka uchezeke vizuri zaidi kwenye Switch 2, hutozwa dola 10, na asiye nao huuziwa toleo hilo jipya kwa dola 70, ilhali umepita umri wa miaka minane, na zile sehemu za ziada zilizouzwa kando tangu zamani bado zinauzwa kando. Kwa Sony, The Last of Us wa kwanza ulitoka 2013 kwa PlayStation 3, ukarudi 2014 kwa PlayStation 4 ukiwa umesafishwa, ukarudi tena Septemba 2022 kwa PlayStation 5 ukiwa umeundwa upya, kwa dola 70. Hadithi ni ile ile, na mwisho wake mpenzi wa mchezo anaujua kwa moyo.

Fundi cherehani akikutilia darizi katika kanzu yako, ujira wa darizi ni haki yake, na mwungwana hamdhulumu fundi. Lakini akiinyoosha tu kwa pasi kisha akadai thamani ya kanzu, atakuwa amekula mali isiyo yake. Kwa kipimo hicho, Nintendo walipoutia mchezo wa Kirby and the Forgotten Land hadithi mpya nzima na kuitoza dola 20, waliuza kazi mpya kwa malipo mapya, na sina neno nao. Bali kampuni hiyo hiyo, siku zile zile, iliwapa bure wenye Super Mario Odyssey marekebisho ya mashine mpya. Basi ikiwa ung'arishaji wa mmoja umetolewa bure na wa mwingine ukatozwa fedha, ni wazi kwamba gharama siyo iliyopanga bei peke yake. Kilichopimwa ni kiasi gani watu wanaupenda Zelda, na mapenzi hayo ndiyo yaliyotiwa ushuru.

Wapo walioshika njia nyingine wasife njaa. CD Projekt wa Poland, Desemba 2022, waliuhuisha The Witcher 3, mchezo wa 2015, kwa mashine za kisasa, na kila aliyekuwa nao kwa mashine zilizotangulia akapewa toleo jipya pasipo kulipa hata senti.

Na sisi wa mwambao na bara la Afrika Mashariki jambo hili linatuhusu, maana ukiingia katika kibanda cha gemu, Dar es Salaam au Mombasa, utawakuta vijana wamebanana juu ya benchi, pedi mbili zikipita mkono kwa mkono, kila mmoja akilipia mechi yake. Na mwenye kibanda, ambaye faida yake hutoka katika vijisenti hivyo, kila mwaka hudaiwa na wateja wake mchezo mpya wa mpira, kwa kuwa mchezaji fulani amehama timu. Zamani alikuwa na nafuu moja: diski ya mwaka jana aliweza kuiuza, kuibadilisha au kumwazima ndugu. Nafuu hiyo inaondoka. Mchezo unaopakuliwa kwa intaneti hauuziki tena, na hata kadi nyingine za Switch 2 zinazouzwa dukani hazina mchezo ndani yake, ila ufunguo tu wa kuruhusu upakuaji, ambao kwa mtu anayeishi kwa bando ni gharama ya pili juu ya ile ya kwanza. Na kilichopakuliwa chaweza kutoweka: kampuni ya Ubisoft waliuza mchezo wa The Crew tangu 2014, na tarehe 31 Machi 2024 walizima mitambo yake ya mtandaoni, na walioununua wakabaki mikono mitupu. Ndiyo maana jimbo la California, kuanzia Januari 2025, limewalazimisha wauzaji wamweleze mnunuzi bayana kwamba anachopewa ni leseni, si milki.

Shauri langu ni hili. Kabla hujalipia mara ya pili, soma kilichoongezwa: kama ni kazi mpya, mpe mwenyewe haki yake, kama ni pasi tu, zuia fedha yako, wala usilipie mchezo usiotoka bado. Na ukiona umedhulumiwa, lalamika mapema: mwaka 2021 Sony, baada ya kuahidi kwamba wenye mchezo wa Horizon Forbidden West wa PlayStation 4 wataupata wa PlayStation 5 bila malipo, walitaka kuivunja ahadi hiyo. Wateja wakawakemea, na kwa siku chache tu ahadi ikarudishwa, ijapokuwa walitangaza papo hapo kwamba michezo itakayofuata itatozwa dola 10. Waliochelewa kulalamika juu ya hizo kumi wanaendelea kuzilipa hadi leo.