Chama cha Kuwatembelea Maskini



Tumeombwa kusema mbele yenu maneno machache juu ya vyama vya huruma katika Kanisa Katoliki, yaani vyama vya waamini wa kawaida, wasio mapadre wala watawa, wanaokutana ili kusali pamoja na kuwasaidia maskini. Tumekubali kwa sababu maswali ni mengi. Wengine huuliza, "Je, hiki ni chama cha kuzikana?" Wengine, "Je, ni chama cha kukopeshana fedha?" Na wako wasemao kwa sauti ya chini kwamba chama chochote chenye kisanduku cha fedha, mwisho wake ni mshika kisanduku kunenepa. Maswali haya si mabaya, kwani asiyeulizwa hajisahihishi. Basi tutajaribu kuyajibu, nasi tutaanza na kosa letu wenyewe.

Mwaka mmoja mvua za masika zilikatika mapema, mahindi yakakauka yangali machanga. Sisi wa chama tulikusanya nafaka kwa wenye nacho, debe kwa debe, hata chumba kimoja kikajaa. Tukafurahi sana. Jumapili, baada ya Misa, tuliwakusanya maskini katika uwanja wa kanisa, na karani mmoja wetu akasimama juu ya kiti, akasoma majina kwa sauti kubwa ili watu wote waone ya kuwa hatukuficha kitu. Jina la kwanza lilikuwa la mjane mmoja mwenye watoto wanne. Alisimama, akajifunga kanga yake vizuri, akawashika watoto wake mikono, akaenda zake. Debe lake likabaki pale pale.

Wengine kwetu walikasirika, wakasema, "Maskini mwenye kiburi huyu! Apewe mwingine." Lakini mzee mmoja wa chama, mtu asiyesema sana, alituambia, "Msimhukumu mtu ambaye hamjaingia nyumbani kwake." Jioni ile wawili wetu wakaenda, wakapiga hodi, wakakaribishwa kwa heshima. Mama yule alisema hivi: "Baba yao alipokuwa hai, wanangu waliitwa kwa jina lake. Leo mmewaita kwa debe la mahindi." Hatukuwa na jibu.

Kisha, walipokaa kitako na kuongea naye, waligundua jambo ambalo hatukulijua kabisa. Mama yule alikuwa na shamba lake zuri, lakini tangu msiba shemeji yake alikuwa akililima na kuvuna yeye. Mjane hakuwa na mtu wa kumsindikiza mbele ya wazee. Kumbe haja yake kubwa haikuwa debe la mahindi. Haja yake ilikuwa watu wawili wa kwenda naye barazani. Nasi tungeweza kumpa debe kila mwezi kwa miaka kumi, na shida yake ingebaki vile vile.

Ndugu zetu, tulipoyatafakari hayo tuliona ya kuwa hatukuwa wa kwanza kukosea, na ya kuwa waliotutangulia waliacha njia iliyokwisha kunyoshwa. Hebu tuwaeleze kwa kifupi.

Mwaka 1617, katika mji mdogo wa Châtillon huko Ufaransa, kulikuwa na padre aitwaye Vinsenti wa Paulo. Siku moja aliletewa habari ya jamaa moja ambao wote walikuwa wagonjwa, hata hapakuwa na wa kumpa mwenziwe maji. Akawaeleza watu kanisani. Mioyo ikaguswa, na siku ile ile njia ikajaa watu waendao na vyakula. Padre Vinsenti alipofika aliona jambo la kufurahisha na la kusikitisha pamoja. Chakula kilikuwa kingi kupita kiasi. Sehemu itaharibika, na baada ya siku chache wagonjwa watarudi katika njaa yao. Akatambua ya kuwa upendo ulikuwapo, lakini utaratibu haukuwapo. Basi mwaka ule ule akawakusanya akina mama wa mji, wakapangana zamu, kila mmoja na siku yake, wakaandikiwa na kanuni zao. Baadaye, mwaka 1633, yeye pamoja na Louise de Marillac, aliyekuwa mjane, walianzisha shirika la Mabinti wa Upendo, masista ambao hawakufungiwa ndani ya kuta za nyumba ya watawa, bali walitembea mitaani na kuingia katika nyumba za wagonjwa.

Miaka mia mbili ikapita. Mwaka 1832 mji wa Paris ulipigwa na kipindupindu, watu wengi wakafa, hasa katika mitaa ya makabwela. Wakati huo vijana kadhaa wa chuo kikuu walikuwa wakikutana kwa majadiliano, na mmoja wao aliitwa Frédéric Ozanam. Katika majadiliano hayo kijana mwingine, asiyekuwa wa dini yao, aliwakabili na kuwauliza: zamani Kanisa lilifanya mambo makubwa, je, ninyi leo mwafanya nini? Swali hilo lilimchoma Ozanam. Inasimuliwa kwamba yeye na mwenzake Auguste Le Taillandier walichukua kuni walizobakiwa nazo kwa baridi, wakazipeleka wenyewe kwa maskini mmoja.

Tarehe 23 Aprili 1833, siku Ozanam alipotimiza miaka 20, vijana hao walifanya mkutano wao wa kwanza pamoja na Bwana Emmanuel Bailly, mtu mzima kuliko wao, aliyekuwa rais wao wa kwanza. Hawakujua waanzie wapi. Basi wakamwendea Sista Rosalie Rendu, wa Mabinti wa Upendo, aliyefanya kazi katika mtaa wa Mouffetard, mtaa wa watu wenye dhiki. Yeye ndiye aliyewaonyesha nyumba za kwenda, akawafundisha namna ya kuingia kwa maskini: kwa adabu, bila haraka, na kusikiliza kabla ya kusema. Hivyo ndivyo kilivyoanza Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo. Mwaka 1835 kanuni zake ziliandikwa, na leo chama hicho kimeenea katika nchi zaidi ya 100.

Ozanam hakuwa padre. Alioa, akapata binti mmoja, akawa mwalimu katika chuo kikuu cha Sorbonne, akafa mwaka 1853 akiwa na umri wa miaka 40 tu. Mwaka 1997 Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza kuwa Mwenyeheri. Twayataja haya kwa ajili ya wale wasemao, "Mimi nina mke, nina watoto, nina kazi ya mshahara, mambo ya huruma yafaa watawa." Huyu naye alikuwa na mke, mtoto na kazi.

Yuko na mwingine wa kutufundisha, nasi tulio makarani twampenda kwa sababu ya kazi yake. Frank Duff wa Dublin, katika Ireland, alikuwa mtumishi wa Serikali, mwenye kushinda mezani na makaratasi kama sisi. Aliingia Chama cha Mtakatifu Vinsenti, akawatembelea maskini wa mji wake, na mwaka 1921, kutokana na kazi hiyo, ikaanzishwa Lejio ya Maria. Wanachama wake wa kwanza walikwenda wawili wawili kuwatazama wagonjwa hospitalini. Lejio haigawi vyakula wala fedha. Kazi yake ni kumwendea mtu, kukaa naye na kumfariji rohoni. Basi vyama hivi viwili visichanganywe, ingawa ni ndugu.

Na Lejio hiyo ililetwa huku kwetu Afrika ya Mashariki na binti mmoja wa Ireland, Edel Quinn, aliyefika mwaka 1936. Alikuwa mgonjwa wa kifua kikuu, na madaktari walijua. Hata hivyo alisafiri Kenya, Uganda, Tanganyika, na hata Nyasaland, ambayo leo yaitwa Malawi, na kisiwa cha Mauritius, katika njia za vumbi na za matope, akianzisha vikundi vidogo vidogo. Alifariki Nairobi tarehe 12 Mei 1944, akiwa na umri wa miaka 36, akazikwa huko huko. Hakuleta mali. Alileta desturi ya watu wawili kupiga hodi.

Sasa tuwaeleze jinsi kazi yetu sisi inavyokwenda, tulipokwisha kujirudi.

Kwanza, twakutana kila juma. Twasali, twasoma maneno ya kututia moyo, kisha kila wawili waliotumwa wanaeleza walichokiona. Mkutano unafunga mlango, na habari za nyumba ya mtu hazitoki nje. Atakayezipeleka kilabuni au kisimani hatakaa tena katika chama.

Pili, hatwendi mmoja mmoja, wala hatwendi kundi zima. Mmoja peke yake huweza kudanganyika au kusingiziwa. Kundi zima humwogofya mwenye nyumba. Wawili watosha.

Tatu, mwisho wa mkutano mfuko hupitishwa, na kila mmoja hutia mkono ndani, ajaye na kitu na ajaye mkono mtupu, ili pasiwe na ajuaye nani katoa nini. Desturi hii ni ya tangu vijana wale wa Paris. Wahenga walisema, kutoa ni moyo, si utajiri. Lakini fedha ikiisha kutolewa haina siri tena: huhesabiwa mbele ya watu watatu, huandikwa kitabuni, na Padre au mwanachama yeyote aweza kukifungua kitabu. Siri ni ya mtoaji na ya mpokeaji. Hesabu haina siri. Hili ndilo jibu letu kwa wale wanaohofia mshika kisanduku.

Nne, hatuulizi dini. Mlangoni pa mwenye njaa hatuulizi kama amebatizwa.

Hapo pana jambo la aibu ambalo hatuna budi kulikiri. Katika siku za kwanza sisi makarani tulipenda kushika kalamu na kitabu, na kazi ya kuteka maji ya mgonjwa au kuezeka paa la kikongwe tuliwaachia wenzetu wakulima. Mzee yule yule akatuuliza kama chama chetu kina vyumba viwili, cha wenye viatu na cha wasio na viatu. Tangu siku hiyo kila karani hufuatana na mkulima, kila mwalimu na mwashi. Nasi tumeona ya kuwa tulipobeba mitungi pamoja ndipo tulipoanza kuitana ndugu bila kuona haya. Udugu wa mkutanoni tu ni mwepesi. Hupeperuka kama makapi.

Wako wanaosema, "Maskini wengine ni wavivu." Ni kweli, wako. Lakini hutamjua mvivu ukiwa umesimama uwanjani. Utamjua ukienda kwake mara tatu. Wengine husema, "Hiyo ni kazi ya Serikali." Serikali ina kazi yake, na sisi tuna yetu: Serikali yaweza kuleta dawa, lakini haiwezi kukesha na mgonjwa. Wengine husema, "Sisi wenyewe ni maskini." Je, wazee wetu waliolima shamba la mgonjwa kwa ujima walikuwa matajiri? Walikuja na majembe yao, wakalima, wakaenda zao. Chama hiki si kitu kigeni. Kimeongeza tu kitabu, zamu na sala.

Basi twawaomba mambo matatu. Machifu, mjane au yatima akija mbele yenu na watu wawili, msidhani wamekuja kushindana nanyi. Mpeni nafasi ya kusikilizwa. Waalimu, ninyi ndio wa kwanza kumwona mtoto anayesinzia darasani kwa njaa, au asiyekuja kwa sababu anamwuguza bibi yake. Tunong'onezeni jina lake, msilitaje mbele ya wenzake. Nanyi wanavijiji, msingoje mpaka nafaka ijae chumba. Nendeni kwanza mkapige hodi; mkiisha kusikiliza, mtajua wenyewe la kuchukua.

Tumalize kwa habari ya yule mama. Wawili wetu walimsindikiza barazani mara nne. Wazee wakamsikiliza, wakapima mipaka, shamba likarudi mikononi mwake, ingawa msimu mmoja ulikuwa umekwisha kumpita na watoto walikuwa wameona taabu. Tulimwalika aingie chamani, akakataa kwa upole. Lakini kila mavuno mtoto wake mkubwa huleta kapu la mahindi nyuma ya nyumba ya mweka hazina, saa ya giza, na ujumbe wake ni mmoja: jina lisisomwe.

Nasi hatulisomi. Tulipokosea, twaomba radhi.