Sifa za Mtambo na Kilichopimwa Mizanini



Mkulima aliyekwisha kuuza pamba au korosho anajua kwamba kabla ya kuuliza bei ya kilo yafaa aulize habari za mizani. Imewekwa wapi, nani anaisoma, na uzito wa gunia tupu unatolewa au hautolewi. Bei nzuri juu ya mizani mbovu ni hasara. Mazungumzo haya yanaichukua desturi hiyo ya ghalani na kuipeleka kwenye jambo ambalo wengi huliachia wataalamu, yaani habari za mitambo mipya ya nishati, ya usafiri na ya anga za juu. Habari hizo siku hizi hufika mpaka ofisi ya chama, zikiletwa na mawakala wenye vitabu vya picha na mikataba iliyokwisha pigwa chapa, inayongoja sahihi tu.

Mfano ulio wazi ulitokea nchini Marekani tarehe 5 Desemba 2022, katika maabara ya Lawrence Livermore, California. Wanasayansi walielekeza miali 192 ya leza mahali penye kidonge kidogo cha hidrojeni, na viini vya hidrojeni vikaungana kama viunganavyo ndani ya jua. Nishati iliyopelekwa hapo ilikuwa megajuli 2.05, na iliyotoka ilikuwa megajuli 3.15. Magazeti ya dunia yakatangaza kwamba imepatikana nishati iliyozidi ile iliyotumika. Hesabu hiyo haikuwa ya uongo. Lakini mizani iliwekwa penye kidonge. Haikuwekwa penye waya uletao umeme katika jengo. Ili kuitoa miali ile, leza zilivuta kiasi cha megajuli 300. Aliyepima penye kidonge aliona faida ya nusu na zaidi. Aliyepima penye waya aliona kwamba kila mia iliyoingia ilirudisha moja tu. Wote wawili walisema kweli. Kazi ya siku ile ilikuwa kubwa kwa upande wa elimu, maana ilikuwa imetafutwa kwa miaka mingi. Ila kwa mtu anayetaka umeme wa kusaga unga, haikuwa imefika bado.

Ahadi za namna hiyo si ngeni. Mwezi Septemba 1954 Lewis Strauss, aliyekuwa mwenyekiti wa Tume ya Nishati ya Atomiki ya Marekani, aliwaambia waandishi wa habari za sayansi mjini New York kwamba watoto wao wangepata umeme wa bei ndogo mno hata usistahili kupimwa kwa mita. Mitambo ya nyuklia ikajengwa, na nchini Ufaransa hutoa zaidi ya nusu ya umeme wote. Mita hazikuondolewa.

Kwa wakulima wa Afrika Mashariki, hata hivyo, somo lililo gumu kuliko yote lilitoka shambani. Nalo ni somo la mbono.

Mti huu asili yake ni Amerika ya Kati, lakini umekaa vijijini muda mrefu hata ukapewa jina la mbono kaburi, kwa kuwa wazee waliupanda kuzunguka makaburi na maboma ya mifugo. Ng'ombe na mbuzi hawauli, maana una sumu. Mbegu zake zilikamuliwa mafuta ya taa na ya sabuni, na hakuna aliyeuona kuwa utajiri. Ndipo bei ya mafuta ya petroli ilipoanza kupanda, hata mwezi Julai 2008 pipa moja likafika dola 147. Ghafla mti wa uani ukaitwa dhahabu ya kijani. Ilisemwa katika mikutano kwamba unaota penye ukame ambapo mahindi hukauka, hautaki mbolea, haupati maradhi, wala haunyang'anyi chakula ardhi yake.

Tarehe 30 Desemba 2008 ndege aina ya Boeing 747 ya shirika la Air New Zealand iliruka kutoka Auckland, injini yake moja kati ya nne ikichoma mafuta ambayo nusu yake yalikuwa ya mbono. Ilielezwa kwamba mbegu zilitoka Malawi, Msumbiji na Tanzania. Ndege ilitua salama. Basi mtu asibishe: mafuta ya mbono yanaweza kurusha ndege.

Walakini kilichopimwa siku ile kilikuwa mafuta ndani ya tangi. Gunia la mbegu kutoka ekari moja ya mchanga, mwaka wa tatu, bila mvua, halikuwa limepandishwa mizanini. Mbono haufi kwa ukame. Hilo ni kweli kabisa. Ila kutokufa ni jambo moja na kuzaa ni jambo jingine, na kila mfugaji aliyekaa na ng'ombe wake wakati wa njaa anaijua tofauti hiyo. Penye maji na rutuba mti ulizaa vizuri, yaani ulitaka ardhi ile ile itakiwayo na mahindi. Penye ukame ulibaki hai na mbegu zikawa chache. Tena mbegu hizo haziivi kwa mara moja: mchumaji huurudia mti ule ule mara nyingi, kisha akae kubangua. Kwa mashine za kawaida kilo 4 hadi 5 za mbegu hutoa lita moja ya mafuta. Mashudu yanayobaki hayalishi mifugo, tofauti na mashudu ya pamba au ya alizeti, kwa sababu ya ile ile sumu iliyoufanya kuwa ua mzuri. Hesabu hizi zote zingeweza kufanywa na mama yeyote aliyewahi kukamua mbono, lakini hakuitwa mkutanoni.

Wilayani Kisarawe vijiji kadhaa vilitoa ardhi, zaidi ya hekta 8,000 kwa jumla, kwa kampuni iliyotoka Uingereza kwa ajili ya kilimo hicho. Mwishoni mwa mwaka 2008 pipa la mafuta lilikuwa limeshuka chini ya dola 40, na kufikia mwaka 2011 kazi ya shamba ilikuwa imesimama na vibarua wamerudi nyumbani. Hapa ndipo penye uchungu. Kwa sheria za ardhi za Tanzania za mwaka 1999, ardhi ya kijiji ikitakiwa na mwekezaji wa kigeni hainabudi kuhawilishwa kwanza iwe ardhi ya jumla. Ikishahawilishwa, hairudi kijijini kwa sababu tu mti haukuzaa. Ahadi ilikuwa ya miaka michache. Kilichotolewa badala yake kilikuwa cha vizazi. Waliopanda mbono kama ua na kuuza mbegu kidogo kwa watengeneza sabuni hawakupoteza kitu, na ua wao upo hadi leo.

Wahenga husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa biashara ya mitambo methali hii haitoshi, kwani siku hizi kizuri na kibaya vyote vinatembezwa, na mara nyingi na wakala yule yule.

Katika usafiri yatosha kutaja mambo mawili. Mwaka 2013 Elon Musk alitangaza mpango wa behewa dogo litakalokimbia ndani ya bomba lililotolewa hewa, kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 1,200 kwa saa, kati ya Los Angeles na San Francisco. Kampuni kadhaa zikaufuata mpango huo. Mwezi Novemba 2020 moja ya kampuni hizo ilisafirisha watu wawili, wafanyakazi wake yenyewe, katika bomba la mita 500 kwenye jangwa la Nevada. Mwendo wao ulifika kilomita 172 kwa saa. Mwishoni mwa 2023 kampuni hiyo ilifungwa. Mwaka uliofuata treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, kwa mwendo ufikao kilomita 160 kwa saa, ikiwa na mamia ya abiria na mizigo yao. Ufundi wa treni ya umeme umepita miaka mia. Jambo la pili ni Concorde, ndege ya abiria iliyokwenda kasi maradufu ya sauti tangu Januari 1976. Ilikuwa kazi ya ajabu ya mikono ya watu, wala haikuwa na kasoro ya kutoruka. Lakini zilizofanya kazi ya abiria zilikuwa 14 tu, na mwaka 2003 zikastaafishwa, wakati Boeing 747, iliyo nzito na ya mwendo wa kawaida, ziliundwa zaidi ya 1,500. Abiria wengi walichagua nauli.

Anga za juu haziko mbali na pwani hii kama wengi wadhanivyo. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, setilaiti iliyopewa jina la Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la Waitalia lililosimama baharini karibu na Malindi, nayo ilikuwa ya kwanza kutumwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei itokayo kwenye nyota. Katika miaka hiyo hiyo Marekani ilikuwa ikipanga chombo cha kwenda angani na kurudi, na hesabu za mwanzo ziliweka safari kama 50 kwa mwaka, kwa gharama ndogo. Chombo hicho kiliruka mara 135 kwa miaka 30, kuanzia 1981 hadi 2011, na mara mbili, mwaka 1986 na mwaka 2003, safari ziliishia kwa vifo. Wanaanga 14 walipotea. Wengi wakahitimisha kwamba roketi ya kutumika tena ni ndoto. Nao pia walikosea. Mwezi Desemba 2015 kampuni ya SpaceX ilirudisha chini salama sehemu kubwa ya roketi yake, na leo baadhi ya roketi hizo zimekwisha ruka zaidi ya mara 20 kila moja.

Faida ya anga kwa mkulima imetoka mahali pasipo na shangwe. Tangu mwaka 1977 setilaiti za Meteosat zimeitazama Afrika kutoka umbali wa kilomita 36,000, zikileta picha za mawingu ambazo idara za hali ya hewa huzitumia kila siku. Hata hapo swali la mizani halikomi. Ipo bima ya mazao inayolipa kwa kufuata mvua iliyokadiriwa na setilaiti, na makadirio hayo huchukua eneo lenye kilomita kadhaa kila upande. Mvua ikinyesha upande mmoja wa eneo, shamba la upande wa pili laweza kukauka na kitabu kikasema mvua ilikuwapo. Mwanachama aelezwe hayo kabla ya kukatwa fedha, si baada ya mavuno.

Ndugu Wajumbe, chama kinachokataa kila jipya hakina busara kuliko kile kinachokubali kila jipya. Kipande cha kwanza cha kufaa cha kugeuza jua kuwa umeme kilionyeshwa nchini Marekani mwaka 1954, kikigeuza sehemu kama 6 tu katika kila 100 za nguvu ya jua. Katika miaka ya 1970 wati moja iliuzwa kwa makumi ya dola, na aliyesema huo ni mchezo wa matajiri alikuwa na haki wakati ule. Leo wati moja ya paneli kiwandani haifiki nusu dola. Ndiyo maana pampu za umeme wa jua zinazouzwa sasa kwa vyama ni jambo la kweli, tena jema, nazo zinastahili kupimwa kwa uangalifu ule ule.

Kupima kwenyewe hakuhitaji chuo kikuu. Kuinua lita 1,000 za maji kwenda juu mita moja kunataka wati-saa 2.7 hivi, hata kwa pampu isiyopoteza chochote. Kisima ambacho maji yake huinuliwa mita 40 kitataka wati-saa 109 kwa kila lita 1,000. Wakala akiahidi lita 50,000 kwa siku, hiyo ni wati-saa 5,450. Paneli za wati 1,000, zikipata jua lililo sawa na saa 5 za jua kali, hutoa wati-saa 5,000 kwa hesabu ya karatasi. Ahadi hiyo basi imevunjika kabla mtu hajashika koleo.

Tena zile wati 1,000 zilizoandikwa mgongoni mwa paneli zilipimwa kiwandani, paneli ikiwa na joto la digrii 25. Juu ya paa saa saba mchana paneli yaweza kufika digrii 60, na kwa kila digrii inayozidi hupoteza sehemu kama 4 katika elfu. Likiongezwa vumbi, zitabaki wati-saa 4,000 hivi, na pampu ya kawaida hufikisha kwenye maji chini kidogo ya nusu ya hizo. Yatapatikana maji yapatayo lita 16,000. Hayo yatosha ng'ombe 400 kwa lita 40 kila mmoja. Kwa bustani ya nyanya wakati wa kiangazi hayatoshi ekari moja, ambayo hunywa kama lita 20,000 kwa siku. Chama chenye mifugo kinaweza kununua pampu hiyo kwa moyo mweupe, na chama chenye bustani ya ekari 5 kitakopa kwa ajili ya mtambo usioweza kukilisha.

Kwa sababu hiyo yapendekezwa kwamba mkataba wowote wa pampu utaje kwa tarakimu lita za maji kwa siku, kina yanapoinuliwa, na mwezi wa kupimia, wala usitaje wati peke yake. Na kwamba sehemu ya malipo isalie mikononi mwa chama hadi kipimo kifanyike kisimani mbele ya kamati. Tangi la lita 5,000 na saa ya mkononi vyatosha kwa kazi hiyo, nayo ianze asubuhi na kumalizika jioni, siku moja ya jua na siku moja ya mawingu.