Moto wa Dunguni: Namna ya Kupanga Daraja la Hatari la Mabwawa Binafsi Pwani ya Lindi



Daraja la hatari la bwawa halisemi kama tuta ni zima au bovu. Linauliza swali jingine: likibomoka, nani atakufa? Bwawa imara lililo juu ya kijiji huwa na daraja la juu. Ndiyo maana daraja hupanda hata kama tuta halijaguswa. Inatosha watu wahamie bondeni.

Nina wasiwasi zaidi na mabwawa ya starehe yaliyozeeka. Lambo la umwagiliaji lina wakulima wanaolikagua kila siku, kwa kuwa wanalitegemea. La kuvulia samaki na kupumzikia hutazamwa uso wa maji tu. South Fork, huko Pennsylvania, Marekani, lilijengwa kwa ajili ya mfereji, kisha likamilikiwa na klabu ya matajiri wa Pittsburgh. Mabomba ya kupunguzia maji yalikwisha kung'olewa. Kilele cha tuta kilishushwa ili magari ya farasi yapite, na utoro, yaani njia ya kupitishia maji ya ziada, ukawekewa wavu samaki wasitoroke. Tarehe 31 Mei 1889 mvua kubwa ilinyesha, maji yakapanda juu ya tuta, na watu zaidi ya 2,200 wakafa. Karibu na kwetu, usiku wa tarehe 9 Mei 2018, bwawa la shamba binafsi lilibomoka Solai, Nakuru, nchini Kenya, likaua watu wasiopungua 47.

Mafuriko ya Kilwa ya Januari 2020 hayakutokana na bwawa kubomoka, wala si bwawa lililokata barabara kule Somanga wakati wa kimbunga Hidaya, Mei 2024. Lakini maji ya namna ile ndiyo utoro wa zamani utakayotakiwa kuyapitisha, huku umeziba kwa magugu na tuta limetobolewa na panya buku. Maji yakivuja chini ya tuta, yatazameni rangi: yakiwa na tope, udongo wa ndani unaondoka.

Sasa niseme linaloniuma. Mkaguzi akija Septemba, atakuta bonde kavu, ahesabu nyumba mbili tatu, aandike daraja la chini. Mvua zikianza, familia zinashuka mashambani. Watu wanalala kwenye madungu kulinda mpunga na mahindi yasiliwe na nguruwe, na mara nyingi wana watoto. Hawamo katika ramani yoyote, nao wanakuwapo bondeni miezi ileile ambayo bwawa limejaa.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inagusa usalama wa mabwawa, na mabonde yetu yana Bodi ya Maji ya Bonde la Mto Ruvuma na Pwani ya Kusini. Ombi langu kwa wahandisi na wamiliki ni dogo: hesabu ifanyike Februari au Machi, usiku, mkiongozana na mwenyekiti wa kitongoji. Kila moto unaowaka dunguni uandikwe kuwa ni kaya.