Hekalu la Kitambaa



Tunapoadhimisha miaka ya hekalu hili la mawe, tumeona vyema tulizungumzie hekalu la kitambaa.

Katika jimbo la Gujarat, walikotoka wazee wengi wa jumuiya yetu, wako watu waitwao Devipujak, maana yake waabuduo Devi, Mungu aliye Mama. Kwa vizazi vingi walihesabiwa kuwa tabaka la chini, wakazuiwa kuingia mahekaluni. Hata hivyo hawakumwacha Mama. Walitwaa kitambaa cha pamba, wakamchora katikati yake, wakakitundika kiwe ukuta, na kingine kiwe dari. Mahali palipokuwa uwanja mtupu pakawa patakatifu. Nguo hiyo huitwa Mata ni Pachedi, yaani “nyuma ya Mama”.

Majirani zetu, mnaojua kwamba kanga husema, mtaelewa kuwa nguo hii nayo husema. Wekundu ni nguvu ya Mama, weusi hufukuza uovu, weupe ni usafi. Khodiyar amepanda mamba. Bahuchara amepanda jogoo. Vahanvati yumo chomboni, naye huombwa na wasafiri wa baharini. Sisi ambao wazee wetu walivuka bahari hii kwa majahazi hatuwezi kumtazama bila kuguswa moyo.

Kazi yenyewe ni ya subira. Wino mweusi hutokana na chuma chenye kutu kilicholowekwa pamoja na sukari guru. Mistari huchorwa kwa kijiti cha mwanzi. Mahali pa wekundu hupakwa shabu iliyochanganywa na uji wa mbegu za ukwaju, kisha kitambaa hufuliwa katika maji yatiririkayo, kama walivyofanya mafundi wa Ahmedabad katika mto Sabarmati. Wekundu wenyewe hujitokeza kitambaa kinapochemshwa katika rangi. Hivyo fundi hufanya kazi kwa imani, akipaka leo kile atakachokiona baadaye.

Mwaka 2023 Serikali ya India ilimtunuku fundi mmoja wa ukoo wa Chitara, Bhanubhai Chitara, nishani ya Padma Shri. Tunafurahi pamoja naye. Lakini heshima hiyo isitusahaulishe kwamba sanaa hii tunayoisifu ilizaliwa mlangoni, kwa watu walioambiwa wasiingie, na walioambia hivyo walikuwa waumini kama sisi.

Basi, ndugu zetu, sherehe hii itupe swali la kwenda nalo nyumbani. Yuko nani leo anayefagia ua wetu, anayepika karamu yetu, au anayepita barabarani kila siku, ambaye hajawahi kuambiwa “karibu ndani”? Mama aliyekubali kukaa katika kitambaa hakuchagua watoto. Nasi tusimchagulie.