Ubao wa gitaa la kwanza

Maneno yaliyosemwa Lubumbashi mbele ya vijana wanaoanza kujifunza kutengeneza gitaa



Katanga si mgeni wa gitaa. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco pale Jadotville, mji unaoitwa leo Likasi, na upigaji wake ukajulikana mbali sana na hapa. Na wale wasio na fedha ya kununua gitaa wamejitengenezea karindula kwa pipa la mafuta, ngozi ya mbuzi na mti mrefu. Kwa hiyo asiwepo wa kutuambia kwamba chombo cha muziki lazima kitoke Ulaya.

Mnatuuliza: mbao tutazipata wapi, na kwa fedha gani? Tutaanza kujibu kwa kosa letu wenyewe.

Kikundi chetu cha kwanza kilikuwa na vijana wa Katuba, Kenya na Ruashi. Wengine wazazi wao ni wa Katanga, wengine ni wa Kasai. Tuliwachanganya kwa makusudi. Mwaka 1992 na 1993 Wakasai wengi walifukuzwa Likasi na Kolwezi, na maneno ya wakati ule bado yanasemwa katika nyumba nyingine, mbele ya watoto ambao hawakuwa wamezaliwa. Tulichanga fedha kidogo kidogo, tukamtuma kijana mmoja sokoni. Alirudi na mbao nyekundu, nzito, za bei ndogo, zinazopendeza macho. Tulikata, tukabandika, tukafurahi.

Mvua zilipokwisha na ukavu ukaingia, shingo zikapinda. Matumbo ya magitaa manne yakapasuka. Kabla mtu hajauliza juu ya ubao, mmoja alikwisha kuuliza juu ya kabila la aliyeununua. Siku mbili hakuna aliyeshika randa.

Aliyetusaidia ni papa mmoja seremala, jirani yetu. Hakutoa hotuba ya amani (hotuba tulikuwa nazo za kutosha). Alichukua kipande kilichobaki, akakipima kwa mizani ya mama muuza unga, akakiweka juu, karibu na mabati, mahali pakavu penye hewa. Wiki iliyofuata akakipima mbele ya wote: kimepungua. Wiki ya tatu kikapungua tena. Basi ubao ulikuwa na maji ndani. Kijana wetu hakuiba wala hakudanganya. Alinunua ubao mbichi kwa sababu sisi tuliomtuma hatukumfundisha kuutambua. Tulimwomba msamaha mbele ya kikundi, na yule aliyetaja kabila naye akaomba, si siku ile lakini baadaye.

Sasa sikilizeni vizuri. Ubao wenye unene wa sentimita mbili na nusu huhitaji karibu mwaka mmoja kukauka kivulini. Anayeanza hana subira hiyo, wala fedha ya kuhifadhi mbao. Kwa hiyo tafuteni ubao ambao umekwisha kukauka kwa kazi nyingine: mlango wa zamani, kitanda kilichovunjika, sanduku lililoleta mashine za migodini. Pimeni kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, anzeni.

Sehemu ya kuangalia zaidi ni uso wa gitaa, kwa maana ndiyo inayotoa sauti. Unataka ubao mwepesi lakini mgumu kupinda. Paini ya masanduku inafaa kabisa. Angalieni kwenye ncha yake: mistari isimame wima, isilale. Shikeni ubao kwa vidole viwili karibu na robo ya urefu wake, mgongeni kwa kidole. Ukilia, chukueni, ukisema "tup" kama gunia, uacheni. Ubao wa sanduku ni mwembamba, basi unganisheni vipande vinne, mrande hadi milimita tatu hivi. Hakuna aibu katika kuunganisha.

Jambo moja la afya. Masanduku mengi yana alama iliyochomwa, yenye suke la ngano. Penye herufi HT, mbao zilitibiwa kwa joto. Penye MB, zilitibiwa kwa gesi ya sumu. Hizo msichukue, hata zikitolewa bure.

Mgongo, tumieni tripleksi ya milimita tatu au nne. Wajuzi watacheka, lakini magitaa mengi ya bei ndogo dukani ni tripleksi tupu. Mbavu ziwe za milimita mbili, mzikunje taratibu juu ya bomba la chuma lenye makala ya moto ndani.

Shingo ndiyo ingefaa kulipiwa. Ombeni kwa maseremala vipande vya mulombwa vinavyobaki baada ya vitanda. Mti huu haubadiliki sana unapokauka, na kipande kifupi hawakiuzi ghali. Tena fungeni nyuzi za nailoni, kwa sababu zinavuta kama kilo arobaini, wakati za chuma zinakaribia sabini.

Na zile mbao nyekundu? Zilikuwa mukula. Miti hiyo imekatwa kwa wingi katika misitu yetu kwa ajili ya wanunuzi wa ng'ambo, na vijiji vilivyoipoteza vimepata kidogo sana. Tangu 2019 mukula umo katika orodha ya mkataba wa CITES, na kuuvusha mpaka kunadai kibali. Sisi hatununui tena. Ni mzito mno kwa uso wa gitaa, na hatutaki kuwapatanisha vijana wa mjini kwa mti uliowagombanisha watu kijijini.

Jumamosi tunaanza kupima. Kila kikundi kilete vipande vyake, na majina yaandikwe juu ya ubao kwa kalamu ya risasi, ya wote walioutafuta. Mama muuza unga amekubali kutuazima mizani hadi saa nne, baada ya hapo anaihitaji.