Vita Vilikwisha, Sheria Ikabaki
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama)



Nimetakiwa nieleze namna dola yenye mizinga na ndege inavyopigana na watu wasiovaa sare, wasiosimama uwanjani, na ambao jua likichwa huchanganyika na raia. Mfano wangu ni Malaya, ambako Waingereza walitangaza hali ya hatari mwezi wa Juni 1948.

Wapiganaji wa Chama cha Kikomunisti, chini ya Chin Peng, walikuwa yapata 8,000 tu walipokuwa wengi kabisa. Mwanzo jeshi liliwaendea kwa desturi ya vita vya Ulaya: vikosi vikubwa vikiufagia msitu, na ndege zikimwaga mabomu. Kikosi kilipofika, adui alikuwa kishaondoka. Na jeshi lisilomwona adui humdhania kila mtu kuwa ni adui. Disemba 1948, huko Batang Kali, askari waliwaua kwa risasi wanakijiji 24 wasio na silaha.

Ndipo jeshi lilipojifunza. Vikosi viligawanywa makundi madogo yakaayo msituni siku nyingi. Skuli ya vita vya msituni ikafunguliwa. Jeshi, polisi na watawala wakakaa meza moja, wakathamini khabari kuliko risasi. Hata askari wa K.A.R. kutoka kwetu Afrika ya Mashariki walipelekwa huko.

Lakini funzo kubwa lilikuwa jingine. Mwaka 1950 Jenerali Briggs alitambua kwamba nguvu za mpiganaji hazimo msituni, bali zimo katika chungu cha mkulima. Basi watu kama 500,000, wengi wao Wachina mafakiri, wakahamishiwa vijiji vipya vilivyozungushiwa seng'enge. Mchele ulipimwa; makopo ya chakula yalitobolewa dukani ili kisiwekeke. Machi 1952, baada ya shambulio karibu na Tanjong Malim, Jenerali Templer aliwafungia watu wa mji huo majumbani saa 22 kwa siku, na posho yao ya mchele ikakatwa. Mwenye bunduki yuko msituni. Mwenye kuadhibiwa ni jirani.

Kenya nayo iliyaona hayo. Kuanzia 1954 Wakikuyu zaidi ya milioni moja walikusanywa vijijini kwa nguvu, na katika vita vile watu zaidi ya 1,000 walinyongwa.

Ndugu zangu, njaa na seng'enge viliwadhoofisha wapiganaji wa Malaya, wala sikatai. Lakini uhuru wa tarehe 31 Agosti 1957 ndio uliowanyang'anya hoja yao, kwani walidai wanapigana ili kumwondoa mkoloni, na mkoloni kishaondoka. Hali ya hatari iliondolewa tarehe 31 Julai 1960.

Je, mambo yakesha hapo? La. Mwaka huo huo wa 1960 ilitungwa sheria ya usalama iliyoruhusu kumfunga mtu bila ya kumpeleka mahakamani. Ilitungwa kwa ajili ya watu wa msituni; ikawafikia wanasiasa wa upinzani waliokuwa hawana silaha ila ulimi. Haikufutwa hadi 2012.

Kwa hivyo, jeshi linapobadili mbinu tusihesabu bunduki peke yake. Tuisome sheria inayofuatana nayo, tuisome mapema, na tuulize siku ya mwisho wake imeandikwa wapi. Isipoandikwa, basi imekusudiwa sisi na watoto wetu.