Mtoto Ataitwa Nani?



Injili ya sikukuu hii ya kuzaliwa Yohane Mbatizaji yatupeleka nyumbani kwa Zakaria, siku ya nane, mtoto anapotahiriwa. Jirani na jamaa wamekwisha kukata shauri: aitwe kwa jina la baba yake. Elizabeti anakataa, ataitwa Yohane. Nao wanamgeukia baba, kana kwamba neno la mama halitoshi.

Nasi tumewahi kuwa miongoni mwa jirani hao. Bibi mmoja, jina lake Isabela, alimleta mjukuu aandikishwe ubatizo kwa jina hilohilo. Katekista akasema halimo katika orodha yake ya watakatifu, akaandika Elizabeti, nasi tukatia sahihi bila kuuliza. Bibi akatujia sakristia: “Baba Padre, basi mimi sikubatizwa?”

Swali hilo lilituchoma, maana Isabela na Elizabeti ni jina moja. Kwa Kiebrania ni Elisheva, jina la mke wa Haruni, na wengi hulifasiri “Mungu wangu ni kiapo”. Warusi husema Yelizaveta, Wahungaria Erzsébet; Wahispania na Wareno wakalikata mwanzo wake, wakapata Isabel. Mtakatifu Elizabeti wa Hungaria alifariki mwaka 1231, akiwa na miaka 24 tu. Mwaka 1271 mjukuu wa dada yake akazaliwa, akapewa jina lake: ndiye Mtakatifu Isabela, malkia wa Ureno. Kumbe orodha yetu ndiyo iliyopungukiwa! Tena Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 855, yadai tu kwamba jina lisiwe geni kwa moyo wa Kikristo.

Turudi kwa Zakaria. Jina lake maana yake Mungu amekumbuka. Yohane, Mungu amefadhili. Ulimi wake ulipofunguliwa aliimba juu ya rehema ya Mungu, akataja agano linalokumbukwa, kisha kiapo alichoapiwa Abrahamu. Sikilizeni vizuri: mwana, baba, na mama ambaye jirani hawakutaka kumsikia, wote wamo katika wimbo ule.

Tulilifuta jina tuliloandika. Jumapili ya ubatizo tukawauliza wazazi mtoto ataitwa nani, na kabla hawajafumbua kinywa, bibi alikwisha kujibu, kwa sauti iliyofika hadi benchi la mwisho.